Kiganja Juu ya Injini

Niliapa kwamba wakiizamisha meli yangu, sitaiona tena. Nasema yangu kwa sababu hati walikuwa nazo matajiri, lakini aliyelala na kelele za injini yake na kuamka nazo ni mimi, fundi mkuu. Ilipozeeka waliisafisha, wakang'oa milango, wakaizamisha makusudi kwenye maji mafupi yasiyo na mkondo ili wageni wajifunzie kupiga mbizi. Aliyeajiriwa kuwazungusha? Binti yangu, tena kitinda mimba. Nilimwambia mbele ya mama yake kwamba anajilisha kwa maiti. Toka hapo tukawa watu wa kusalimiana tu, kama wapangaji.

Juzi akanijia. "Baba, chumba cha injini sijui kuwaeleza watu. Njoo unionyeshe. Ukikataa na leo, sikuombi tena."

"Hasira hasara," mama yake akasema, wala hakuinua macho kwenye mboga alizokuwa akichambua.

Niliogopa. Kupoteza meli nilishapoteza; mtoto nisingeweza.

Basi nikafungwa mtungi wa hewa mgongoni, nikavishwa mapezi, nikatembea kama bata aliyevimbiwa. Binti yangu alinikaza mikanda bila kucheka, na najua alijikaza kweli.

"Pumua polepole, usibane pumzi. Na usiguse kitu."

"Unanifundisha meli yangu?"

"Nakufundisha maji, baba."

Tukashuka kwa kufuata kamba. Nilitarajia giza na kutu. Jamani! Jua lilikuwa limefika mpaka chini, na meli imekaa wima, imevaa matumbawe ya rangi nisizozijua hata majina. Kwenye dirisha la nahodha samaki mkubwa aina ya chewa alichungulia, mdomo umelegea, utadhani ni nahodha wetu wa mwisho mwenyewe. Samaki wadogo wasiohesabika walipita, wakageuka wote kwa pamoja. Miaka yote nilikaa juu ya bahari hii nikiilaani kwa kunitapisha, kumbe sikuwahi kuiona. Moyo ulinijaa nikasahau kununa.

Tuliingia chumba cha injini kupitia uwazi mpana uliokatwa ubavuni. Injini ilikuwa pale pale, imeota majani ya bahari. Sasa, fundi wa mitambo haingii mle bila kuweka kiganja juu ya injini; ndivyo tunavyojua kama ina homa. Mkono ukaenda wenyewe.

Injini ikatetemeka.

Akili ilinitoka. Nilianza kupapasa ukutani nikitafuta valvu ya mafuta niifungue, injini isije ikazima, nikihema, mapovu yamejaa chumba kizima. Binti yangu akanishika bega, akanielekeza juu. Kupitia uwazi ule niliona kivuli cha boti kubwa kikipita juu yetu. Mtetemo ulikuwa wa boti hiyo, umeshuka majini mpaka kwenye chuma changu.

Nilidhani atanivuta nje. Alisubiri pumzi yangu itulie, kisha akanirudisha kwenye injini, akaweka na kiganja chake. Mtetemo ulikuwa bado upo. Macho yakamtoka nyuma ya miwani, akanitazama kama alivyokuwa akinitazama utotoni nilipowasha kitu kilichoshindikana.

Boti ikaenda zake na injini ikanyamaza taratibu. Siku walipoizima kwa mara ya mwisho nilikuwa peke yangu mle ndani, nililia, na nyumbani sikumwambia mtu. Safari hii ilipozima, mwanangu alikuwa kando yangu, na hakuondoa mkono mpaka nilipoondoa wangu.