Mikato Miwili ya Matonya

Nilipomwona Nasra anaingia karakanani kwangu Kizota amekumbatia gitaa lililofungwa kwenye kanga, nilijua kuna ugonjwa. Watu hawaniletei gitaa zima.

"Shikamoo, mama Devota."

"Marahaba, mwalimu. Linaumwa au limeshakufa?"

Alicheka bila furaha. Nasra anafundisha muziki shuleni Ipagala, na Jumamosi alikuwa apige peke yake ukumbini Chimwaga, mara yake ya kwanza. Akafungua kanga. Ukanda mweupe wa plastiki unaozunguka kingo za gitaa ulikuwa umebanduka upande wa kushoto, unaning'inia.

"Ni la Uhispania," akasema. "Stanley aliyeniuzia alinikanya nisimpe fundi wa hapa. Lakini Jumamosi ni keshokutwa."

Nililipokea, na mikono yangu ikalitambua kabla ya macho. Mninga ule niliuranda mwenyewe. Nikachungulia tunduni: karatasi ya kigeni imebandikwa, ina jina la mafundi wasiojua hata Dodoma iko wapi. Hasira ilinipanda.

Niwaeleze. Ukanda wa ukingoni si urembo mtupu. Huziba mahali mbao zinapokutana, hulinda kona zisimeguke. Mimi hutumia mpingo. Nauchana mwembamba, naulowesha, naukandamiza kwenye bomba la moto taratibu mpaka ukubali kupinda. Ukiwa na haraka unavunjika, na kazi ya siku mbili inakuwa kuni. Kisha, upande wa kushoto, nakata mikato miwili na kuijaza mfupa wa ng'ombe. Hiyo ndiyo alama ambayo baba yangu, Matonya, alikuwa akiikata kwenye sikio la kushoto la kila ndama zizini kwetu. Ng'ombe wetu akiibwa na kuonekana mnadani, baba hakubishana na mtu. Alishika sikio.

Miezi minane nyuma Stanley, mfanyabiashara wa vyombo vya muziki, ndiye aliyeliagiza gitaa hili. Alipoiona mikato alikunja uso. "Dada, hii inaonekana kama kiraka. Iondoe." Nikamwambia alama ya zizi haiondolewi. Akalichukua hivyo hivyo, ananung'unika. Kumbe alikwenda kuung'oa mpingo wangu wote, akabandika plastiki! Joto la kiangazi cha Dodoma halikuionea haya gundi yake.

"Mpigie Stanley," nikamwambia Nasra. "Aje amwone mgonjwa wake."

Alikuja na shati lililonyooshwa kwa pasi, akaanza kufoka kabla ya salamu. "Nasra, si nilikukataza? Watu hawa watakuharibia chombo cha nje!"

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," nikasema. "Na hiki wamekiunda watu hawa."

"Una ushahidi gani?"

Swali zuri. Mwizi wa ng'ombe naye hujiona mjanja: huzidisha kulikata sikio ili alama ipotee. Ndiyo maana baba alichanja alama nyingine ndani, kwenye shina la sikio, ambako mwizi haangalii. Nami ni binti yake. Nikashika ncha ya plastiki nikaivuta polepole mpaka kiunoni mwa gitaa. Chini yake, kwenye mninga wenyewe, ilikuwapo mikato miwili niliyoikata kabla ya kuifunika kwa mpingo.

Nikachukua kidole cha Nasra nikakipitisha pale. Halafu nikashusha gitaa langu jingine ukutani, lenye mpingo wake na mfupa wake, akapapasa mahali pale pale.

Stanley akabadili sauti. "Devota, tusifike mbali. Bandika plastiki, yaishe. La sivyo, hakuna kwaya mji huu itakayokuletea kazi. Nitahakikisha."

Niliogopa, siwadanganyi. Kwaya ndizo zinazoniweka mjini. Lakini ningebandika plastiki ile kwa mkono wangu, ningemtazamaje baba?

"Waambie," nikasema. "Na sababu uwaambie." Nikamgeukia Nasra. "Mwanangu, gitaa ni lako. Nikilitengeneza mimi, litatoka na mpingo na mikato yake, na ile karatasi itatoka. Kama hutaki, lichukue lilivyo."

"Nimeshawaambia watu wote ni la Uhispania," Nasra akasema. "Hata kwenye tangazo wameandika."

Stanley akatabasamu. Nasra akaingiza vidole kati ya nyuzi, akaanza kuikwangua ile karatasi kwa kucha, ikatoka vipande vipande.

"Nitawaambia upya. Tena jukwaani."

Mimi nikamalizia kuung'oa ukanda wa plastiki, mzunguko mzima. Nikauviringa vizuri, nikautia kwenye mfuko wa shati lake.

"Nenda, baba," nikamwambia. "Hiki ndicho chako."