Vidoa Vyeupe Dirishani

Ukoo mzima uliangalia ndani ya kichwa changu kabla hata sijakaa. Wilbert, mwanangu wa kwanza, alikuwa ameishika dirishani picha niliyopigwa hospitali, mwanga upite, huku akionyesha kwa kidole.

"Mnaviona hivi vidoa vyeupe? Ubongo wa mama umeshakufa hapa na hapa. Mtu wa namna hii atagawaje kihamba?"

Kihamba hicho, shamba letu la ukoo lenye migomba na kahawa, marehemu mume wangu aliniachia nigawe mimi. Kikao nilikiitisha mwenyewe, nimpe binti yangu Evaline kipande cha juu, maana ndiye aliyerudi kuniuguza. Wilbert alikitaka chote.

Hasira ilinipanda. Vidoa sikuvijali. Kilichoniuma ni kwamba Wilbert alikuwepo kule Moshi mjini, kiti cha pembeni yangu, daktari alipotueleza.

"Mishipa midogo ya damu kichwani imechakaa kidogo, bibi. Kwa umri wako, na hiyo presha, tunaiona kwa wengi. Akili yako nimeipima, iko sawa. Dawa za presha usiziache, punguza chumvi, na utembee."

Wilbert aliitikia kwa kichwa, akanishika mkono mpaka kwenye gari. Mkono wake uleule ndio sasa ulioshika picha.

"Mwongo mkubwa wewe!" nilifoka.

Wanaukoo wakatazamana, kana kwamba kelele zangu ndizo ushahidi waliokuwa wakiusubiri. Shemeji yangu Sirili, mkubwa wa ukoo, akasema kwa upole ulioniudhi kuliko tusi, "Pumzika, mama Wilbert. Wilbert atatusaidia hayo mambo."

Nipumzike? Siku ya kliniki nilimfuata Sirili kwake, nikamwambia avae koti twende. Daktari akaeleza yaleyale. Akaniuliza tena tarehe, majina, hesabu za kutoa, nikajibu. Jumapili baada ya misa Sirili akaita kikao kingine, na Evaline akapewa kipande chake.

Jioni ile Wilbert akaja na jani la isale mkononi. Huku kwetu mwenye kuleta isale amekuja kuomba msamaha, na aliyeletewa hakatai. Wilbert analijua hilo vizuri sana. Akapiga magoti mbele yangu, Sirili akishuhudia.

"Mama, nisamehe."

Nililipokea jani. Roho iliniuma, huyu nilimbeba mgongoni nikichuma kahawa.

"Nikusamehe nini, mwanangu?"

"Lile... la kikao."

"Kikao kipi? Ubongo wangu si umekufa hapa na hapa? Nieleze wewe unayekumbuka. Anza na daktari."

Akamgeukia Sirili. Sirili akainamisha kichwa.

"Daktari alisema..." Wilbert akalitazama lile jani mkononi mwangu. "Alisema akili yako iko sawa, mama. Nilimsikia."