Pete ya Mpira Niliyoibandua

Baba alijiwekea sharti mwenyewe, mwezi wa nne, daktari alipotueleza kwamba kumbukumbu zake zitaendelea kupungua. "Siku nitakaposhindwa kubadilisha oili ya gari langu," alimwambia dada yake, Shangazi Berit, "nipelekeni huko mjini kwenye nyumba ya wazee. Kabla ya hapo msinisumbue." Tangu mama afariki, aliishi peke yake shambani kwetu, Dakota Kaskazini, na pikapu yake, yenye umri sawa na wangu, haikuwahi kuguswa na fundi mwingine.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya Novemba, nilipokuwa nyumbani kwa likizo fupi ya chuo kikuu, sote wawili tulijua kilichokuwa kikipimwa, wala hakuna aliyekitaja. Shangazi angefika saa sita.

"Msomi, nipe spana ya kumi na tano," alisema kutoka chini ya gari, ndani ya banda, akiwa amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa.

Nikampa.

"Hii kumi na saba. Huko chuoni mnasoma nini hasa?"

"Falsafa, baba."

"Basi iulize falsafa yako nati inafunguka upande gani."

Alicheka peke yake, na nati ikakubali. Oili nyeusi ilimiminika ndani ya beseni, naye akaiacha ipite kati ya vidole vyake, akiisugua apate kujua kama imebeba chembe za chuma. Uso wake ulitulia. Wiki nzima nilikuwa nimemwona akisimama katikati ya jikoni asijue alichofuata. Hapa mikono yake ilijua kila kitu. Kulifahamu jambo moja hadi mwisho wake ni furaha ambayo mimi sijaikuta bado katika kitabu chochote.

Akafungua filta kuukuu, kile kichungi cha oili, akaiweka kando ya beseni, akajivuta nje. "Ngoja kwanza," alisema, akatoka bandani kuelekea ndani ya nyumba huku akijifuta mikono.

Ndipo nilipoona. Filta ilikuwa imetoka bila pete yake ya mpira. Pete ilibaki imeganda kwenye injini. Mtu akifunga filta mpya juu ya pete ya zamani, oili hububujika nje mara injini inapowaka. Ni kosa la watu wanaojitengenezea magari, na baba ndiye aliyenifundisha kulichunguza nikiwa na miaka tisa. Nikawaza: amesahau. Nikaiwaza ile nyumba ya wazee na madirisha yake yasiyofunguka. Nikaingia chini ya gari, nikaibandua pete kwa ukucha, nikaitia mfukoni.

Baba alirudi akiwa na tochi na kijichuma chembamba chenye ncha iliyopinda.

"Pete imebaki huko juu," alisema, akilala tena kwenye boksi. "Filta imetoka bila..."

Mwanga wa tochi ukazunguka. Ukazunguka tena. Kisha akajivuta nje, akaishika filta kuukuu, akapapasa ukingo wake, akatia mkono ndani ya beseni la oili hadi kwenye kifundo, akatafuta.

"Nimeshaitoa?" aliuliza. Hakuwa akiniuliza mimi.

Nikaitoa pete mfukoni.

"Ni mimi, baba. Nimeitoa mimi, sasa hivi. Hii hapa."

Aliitazama pete kiganjani mwangu, kisha akanitazama mimi kwa upole ulionitisha.

"Jumatatu miwani yangu ulikuwa umeihamisha wewe. Jumatano jiko uliliacha wewe likiwaka. Leo na hii?"

Yale mawili yalikuwa uongo wangu wa huruma: makosa yalikuwa yake, nikajibebesha mimi. Alikuwa ameyajua yote.

"Hii ni kweli!"

"Umeiokota wapi, Signe? Niliitupa wapi?"

"Baba, nakuapia. Hukukosea. Umeifuata tochi kwa sababu umekumbuka."

"Malizia wewe, mwanangu. Mimi nimeona vya kutosha."

Nilimalizia. Nilifunga filta mpya, nikakaza nati, nikamimina oili, nikawasha. Injini ilinguruma bila kuvuja hata tone. Baba alisimama karibu na mlango wa banda, mikono mfukoni, kama jirani aliyepita kusalimia.

Shangazi Berit aliingia na bakuli lake la viazi na nyama ya kusaga.

"Enhe, mzee wa spana! Mkebe wako bado unapumua?"

"Unapumua," baba alijibu. "Kazi kaifanya Signe. Nitafutie nafasi huko mjini, Berit."

Nilimweleza shangazi kila kitu pale pale, nikilia: pete, ukucha, mfuko, tochi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akaweka bakuli chini, akanikumbatia, akaninong'oneza kwamba kaka yake amebahatika kupata binti aliye tayari kujibebesha hata kosa hili.