Sufuria Nyeusi ya Mama Rukmin

Kabla ya jogoo kuwika, kifuniko cha sufuria kiligonga kwa jirani: kwa, kwa, kwa. Kisha kijiko kikagusa ukingo, ngo, mara moja. Kisha kimya.

Nilikuwa macho kwa sababu ya mtoto wetu Lucien. Katuba, mtaa wetu, ilikuwa bado mpya miaka ile, matofali yakinuka udongo mbichi, na kuta zilikuwa nyembamba. Wazungu waliochora nyumba zetu pale Élisabethville waliamini kwamba mtu mweusi hana siri, na kama anayo, basi ni vizuri jirani yake naye aijue.

"Ule mulozi ameamuka," mume wangu Liévin alisema chini ya blanketi. Alisema kwa sauti ndogo sana, maana mchawi akisikia anaitwa mchawi anaweza kukasirika.

"Anachemusha chakula yake. Lala, Baba Lucien."

"Chakula gani banachemusha kila siku na haiishe?"

Liévin alikuwa mtu mwema. Alibatizwa Kongolo, alisali asubuhi na jioni, na hakuogopa kitu chochote isipokuwa vile ambavyo mama yake hakuwahi kuvipika.

Jirani zetu hao walikuwa Bwana Egbert na mke wake Rukmin. Bwana Egbert alikuwa fundi wa treni, mweusi kama sisi, mrefu, aliyepitia Rhodesia kabla ya kufika kwetu. Rukmin alikuwa Mhindi kwa macho ya kila mtu: nywele mpaka kiunoni, kipini puani. Lakini wote wawili walisema wanatoka nchi moja, Guyana, ng'ambo ya bahari kubwa, upande wa Amerika.

Jambo hilo liliipa serikali kazi. Serikali ilijua sana kuweka watu mahali pao: wazungu mjini, weusi huku kwetu, Wahindi karibu na maduka yao. Sasa mke na mume hawa wawekwe wapi? Wakubwa walifikiri, wakafikiri tena, mwishowe wakaamua kwamba mume ataishi Katuba, na mke, akipenda, anaweza kuishi mjini bila mume. Rukmin alichagua mume. Nasikia ofisini walishangaa.

Dukani mjini ilikuwa hivyohivyo. Rukmin aliingia kwa mlango. Bwana Egbert aliuziwa kupitia kidirisha cha weusi, kule ubavuni. Siku moja mwenye duka alimaliza kumpimia mke sukari, akaenda kidirishani kumuuliza mume anataka nini.

"Nataka muke wangu," Bwana Egbert alisema. "Mukimaliza naye."

Lakini nisiicheke serikali peke yake. Sisi nasi tulikuwa na akili zetu. Jirani wetu wa upande wa pili, Mama Kapinga, mwanamke wa Kasai aliyeuza mihogo na unga, alimsimamisha Bwana Egbert siku ya kwanza kabisa alipohamia.

"Bwana, kabila yako njo gani?" Kwetu "njo" ni "ndiyo".

"Miye ni mutu wa Guyana, Mama."

"Guyana ni inchi. Naulizia kabila."

"Njo hiyo hiyo. Kwetu iko bantu beusi, iko Bahindi, iko Bachina, iko Bareno, na bale benye inchi ba zamani, ba mu pori. Tunagombana siku yote. Lakini bote ni ba Guyana."

Mama Kapinga alimtazama kwa huruma.

"Hiyo si kabila, Bwana. Hiyo ni soko."

Watu walicheka mpaka mwisho wa njia. Bwana Egbert naye akacheka, na mimi hilo nililiweka moyoni, maana si kila mtu anaweza kuchekwa na akabaki na uso mzuri. Katuba, mtu asiye na kabila alikuwa kama nguo isiyo na mwenyewe. Nani atakuzika? Nani atakuja kucheza ngoma kwako? Na hasa, watu wa kabila lingine watakusengenya kwa jina gani?

Nilipomzaa Lucien, mume wangu alikuwa safarini Kambove. Ndugu wa kabila langu walikuja wengi. Walikula, wakamsifu mtoto, wakala tena, wakaenda. Rukmin hakuja kula. Alikuja kuchukua vitambaa vya mtoto, akavifua, akavirudisha vimekunjwa. Alifanya hivyo juma zima, na mimi sikumwomba.

Mwezi wa Noeli ulipoanza, Rukmin alikwenda kwa Mama Kapinga kununua mihogo.

"Acha hiyo," Mama Kapinga alimwambia. "Hiyo ni ya uchungu, ingali mibichi. Kamata hii ya kukauka."

"Nataka njo hii ya uchungu."

"Inauaka mbuzi!"

"Najua, Mama. Nataka mayi yake."

Jua lilikuwa halijafika utosini, na njia nzima ilikuwa imekwisha kusikia. Halafu tukaona kwa macho yetu. Sisi muhogo mchungu tunauloweka siku nyingi, na maji yake tunayamwaga mbali, mahali ambapo hata kuku hawapiti. Rukmin aliukuna mbichi, akautia ndani ya foronya ya mto, akashika ncha hii, Bwana Egbert akashika ncha ile, wakasokota kama watu wanaokamua shuka. Maji yakachuruzika ndani ya beseni. Nao wakayatunza kama maziwa! Rukmin aliyachemsha uani muda mrefu, mpaka yakawa meusi na mazito kama mafuta ya mashine. Kisha akatia humo nyama, miguu ya ng'ombe, pilipili, mdalasini na karafuu. Tangu siku hiyo sufuria ile ilichemshwa kila alfajiri ili isiharibike, na kila alfajiri kifuniko kiligonga upande wa pili wa ukuta wangu.

"Munaona sasa," Mama Kapinga alisema pale bombani. "Siye sumu tunaimwanga. Yeye anaipika. Na karafuu anatia, kusudi isinuke."

Mume wake Symphorien alikuwa hapo, na kravati shingoni. Alikuwa karani na évolué, yaani mtu mweusi ambaye wazungu wamekubali kwamba anajua kutumia uma. Alivaa kravati hata kupalilia mahindi.

"Miye sikuaminiake bulozi," alisema. "Ni mambo ya bashenzi." Akafikiri kidogo. "Lakini kwa ule mwanamuke sitakula."

Rukmin alikuja kwangu jioni. Nilikuwa nimekaa na vitambaa vya Lucien mapajani, akavichukua, akaanza kuvikunja.

"Mama Lucien, bananiita mulozi?"

Nilitazama mikono yake ikikunja. Hilo lilimtosha.

"Kwetu siku ya Noeli mulango inafunguka asubuhi," alisema. "Hata adui anaingia. Anakula mu ile chungu. Nyumba yenye hapana kuingia mutu siku ya Noeli, tunasema iko na maiti. Mwaka jana niliweka sahani ku meza. Magharibi nikairudisha mu kabati, ingali safi."

"Mwaka jana hatukujua desturi yenu."

"Nimemwambia Egbert. Kama Noeli hii tena hakuna mutu, napanda treni, naenda kwa kaka yangu Broken Hill, kule Rhodesia. Sitarudi. Yeye abaki na kazi yake."

Hakulia. Alilinganisha pembe za kitambaa na pembe, taratibu, kama mtu ambaye hatakunja tena.

Nilimwambia nitakuja. Lakini mtu mmoja si Noeli. Nikaanza na mume wangu. Liévin alisema atakwenda kama Symphorien anakwenda, kwa sababu karani hawezi kufa kijinga. Symphorien naye alikuwa amekwisha kukubali, pamoja na maneno yake yote. Bwana Egbert alikuwa amekwenda kumwalika, akavua kofia mbele yake, na tangu azaliwe Symphorien hakuwahi kuvuliwa kofia na mtu. Akabaki Mama Kapinga. Woga wake ulikuwa mkubwa, lakini hamu yake ya kujua mambo ya watu ilikuwa kubwa zaidi.

"Nitaenda kuangalia tu," alisema. "Nione nani atakufa wa kwanza."

Siku ya Noeli, baada ya misa, mlango wa jirani ulikuwa wazi kabisa. Meza ilikuwa na kitambaa cheupe, na mkate uliosukwa kama nywele za msichana, na katikati ile sufuria nyeusi. Rukmin alimpakulia kila mtu, nyama nyingi kwetu kuliko kwake, akasimama pembeni, mikono imefumbatana.

Hakuna aliyekula.

Kwetu mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni. Si matusi, ni adabu, hata mtoto anajua. Basi tukamngoja Rukmin. Rukmin naye akatungoja sisi. Mafuta yakaanza kuganda kwenye sahani.

"Mukule, mukule," Bwana Egbert alisema.

"Tunakula," Symphorien alijibu, akanyoosha kravati.

"Benye nyumba baanze," Mama Kapinga alisema.

Rukmin alishtuka. "Miye? Mbele ya bageni? Hapana, Mama! Kwetu mwenye kuanza kula mbele ya mugeni ni nguruwe. Mama yangu angenipiga."

"Unasikia?" Mama Kapinga alininong'oneza, kwa ule mnong'ono wake uliofika barabarani. "Anakatala kuonja."

Bwana Egbert alinyoosha mkono kwenye kijiko ili aonje yeye. Mke wake alimkazia macho, na kijiko kikarudi mezani. Hivyo tukakaa. Watu wa adabu nyingi, kila mmoja akilinda mila ya baba zake, tukifa njaa mbele ya nyama.

Nikamwona Rukmin anageuka kutazama kabati. Nilijua anafikiri nini: sahani zitarudi safi tena.

"Mama Kapinga," nilisema, "huyu anaonja mu ile chungu kila asubuhi. Miye nasikiaka kijiko. Kama ni sumu, tungekuwa tumekwisha kumuzika."

"Mulozi hakufake na dawa yake."

Jibu kama hilo, hata padri halishindi.

Nilikuwa tu mama wa mtoto mdogo, na mkono wa mama una kazi uliyoizoea. Nilimega mkate kwenye sahani yangu, nikauchovya kwenye mchuzi mweusi, nikafunga kipande cha nyama ndani yake, nikasimama, nikamwendea Rukmin.

"Fungua kinywa."

"Mama Lucien, hapana..."

"Weye haukule. Miye njo nakulisha. Mugeni akilisha mwenye nyumba, nguruwe ni nani hapo?"

Alinitazama. Kisha akafungua kinywa, nikamlisha mbele ya wote kama ninavyomlisha Lucien. Alitafuna, akameza, machozi yakamtoka. Pilipili ilikuwa nyingi, tuseme hivyo. Nikamega tena kutoka sahani ileile, nikala. Kwanza ilikuwa tamu, halafu karafuu ikapanda puani, halafu moto ukafika masikioni.

Walitungoja tufe kwa muda wa heshima. Hatukufa. Liévin akapiga ishara ya msalaba na kula. Symphorien akatupa kravati begani na kuacha uma mezani. Wa mwisho alikuwa Mama Kapinga. Alichovya ncha ya kidole, akalamba.

"Chumvi haiko," alisema, akavuta sahani karibu.

Kwenye sahani ya pili alisema pilipili ni ya watoto. Kwenye ya tatu alisema mkate si chakula, akaenda kwake, akarudi na bukari, ugali wetu, ikiwa ya moto chini ya kitambaa. Hakuna aliyemwomba. Alimmegea Rukmin kwanza, donge kubwa.

"Nani alikufundisha kupika mayi ya sumu?" alimuuliza.

"Mayi ni ya bale benye inchi ba zamani. Karafuu ni ya nyanya yangu Muhindi. Na bantu ba Egbert balitia miguu ya ng'ombe."

"Njo nilisema. Soko." Lakini safari hii alisema akiwa amefumba macho. "Na tena hii ni chakula ya Kasai. Ba Guyana baliiba."

"Pengine," Bwana Egbert alisema polepole. "Babu ya babu yangu, balimuiba huku. Pengine aliondoka nayo."

Mama Kapinga aliacha kutafuna. Hakuwa mtu wa maneno ya pole. Alimega bukari, akamwekea Bwana Egbert, akamwekea tena, mpaka sahani ikajaa.

"Kumbe weye iko na kabila," alisema. "Balikupoteza tu. Kula."

Jua lilipoanza kushuka hakukuwa na sahani safi hata moja. Rukmin aliziweka moja juu ya nyingine, zenye mifupa na mafuta, akazitazama kama mtu anayetazama mali. Alipoona namwangalia alisema tu, "Broken Hill iko na vumbi mingi," akamwaga maji ndani ya beseni.

Mama Kapinga alikuwa wa mwisho kuondoka, kwa kuwa alitaka kuhakikisha sufuria haina kitu chini. Alisimama mlangoni. Tangu mwanzo alikuwa akimwita Rukmin "ule", kama mtu anayeonyesha nyoka.

"Mwana wetu," alimwambia, kama wanavyoitana watu wa kabila moja, "kesho napata mihogo ya uchungu, ile minene. Nitakuongezea na matabishi, ya bure. Lakini usitume bwana yako. Kuja weye mwenyewe, tena asubuhi, tukae kidogo."