Mgongo wa Jiwe

Dereva aliingia bila kubisha hodi. Mtu asiyebisha hodi ama ana haraka ama hana adabu, na dereva yule adabu alikuwa nazo.

"Fundi, daraja limekwenda na maji."

Fundi Rangi alikuwa ameinama juu ya benchi, anakamua brashi ndani ya kopo la mafuta ya taa. Ndiye aliyepaka alama za njano kwenye mawe ya njia za mlima, kuanzia nyuma ya soko mpaka ng'ambo. Mimi nilikuwa mpangaji wake kwenye chumba cha uani, na mji mzima ulikwisha kunibatiza Kiguu, yaani kiguu na njia. Sikukasirika. Jina la kweli halina ugomvi.

"Na watu wangu?" akauliza Fundi.

"Nimewaona ng'ambo ya mto, binti yako kifunguamimba na wale wageni wake wanne. Kanipungia mikono, kanionyesha mlima. Wanarudi walikotoka."

Fundi akaendelea kukamua brashi. "Basi watafika wamechoka. Njia ina alama."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, sufuria mkononi. "Baba watoto, toka nje utazame. Huo mlima wenyewe hauonekani kwa ukungu."

"Ukungu haufuti rangi."

Mimi sikuwa na uhakika huo, na sababu yake ni hii. Njia ile watu waliipita upande mmoja tu. Walipanda kutoka mjini, wakavuka bega la mlima, wakateremkia darajani, na gari la dereva likawarudisha kwa barabara. Fundi naye vivyo hivyo: alipanda na kopo lake, akapaka kila jiwe lililomkabili, akifika darajani anadandia gari. Miaka yote hiyo hakuwahi kuiteremka njia yake mwenyewe. Mimi nilikuja mji ule kwa miguu kutoka ng'ambo, kinyume na watu wote, nikateremka mlima mzima bila kuona hata tone la njano. Nilipomwambia, alicheka mpaka akajishika mbavu. "Mzee, hayo ni macho yako." Binti yake, ambaye kazi yake ni kuongoza wageni mlimani, akadakia: "Baba, nilikwambia upake pande zote mbili." Akajibiwa jibu lililonichekesha hata mimi: "Anayeshuka si ndiye aliyepanda? Au akili anaiacha kileleni?" Tangu hapo baba na binti walisalimiana kwa nusu mdomo.

"Fundi," nikasema, "siku ile nashuka, pale machimboni nilikaribia kwenda na ile njia pana."

"Njia pana ipi?"

"Ya kushoto."

"Pale hakuna..." Niliona akiipanda njia ile kichwani mwake, jiwe kwa jiwe. Kisha nikamwona akigeuka kuiteremka.

Ukipanda, njia ya zamani ya wachonga mawe inakuja kuungana na yako kutokea nyuma yako, huioni wala haikuhusu. Ukishuka, zote mbili ziko mbele yako. Ya mjini ni nyembamba na imejificha kati ya mawe. Nyingine ni pana, laini, inakukaribisha kama mwenye duka. Inaishia kwenye shimo la machimbo, na shimo lile halina hata kamba ya kumzuia mbuzi.

Brashi ikamponyoka, ikaanguka sakafuni. Akachukua fimbo, na kwa mazoea tu, kama mtu anavyovaa kofia, akabeba na kopo la rangi.

"Kiguu, utaweza?"

"Kutembea ndiyo kazi yangu. Twende."

Mkewe alisogea tupite. Hakulia wala hakuomba dua kwa sauti. Alisema tu, "Usirudi peke yako."

Tulipanda. Ukungu ulitukuta juu kidogo ya nyumba za mwisho, ukatumeza. Mawe yakawa yanatokea moja moja, kila moja na alama yake ya njano usoni, safi, iliyonyooka, kazi ya mtu anayejiheshimu. Na kila jiwe tulilolipita Fundi aligeuka kulitazama mgongo. Kijivu. La pili, kijivu. Nilitamani atukane, apumue.

Tulipofika njia panda hapakuwa na mtu. Fundi akapiga goti, akapapasa tope. Kulikuwa na nyayo, na kando yake vitundu vya ncha ya chuma ya fimbo ya binti yake. Maji yalikuwa bado hayajajaa ndani ya vitundu hivyo. Vyote vilielekea njia pana.

Nikavuta pumzi niite. Fundi akaniziba mdomo kwa kiganja kinachonuka mafuta ya taa.

"Ukuta," akaninong'oneza. "Ukiita hapa, ukuta wa machimbo unajibu kutoka ng'ambo ya shimo. Watadhani tuko mbele yao. Watatufuata."

Kukimbia kungepiga kelele, na kunyata kungetuchelewesha. Tukawa tunakwenda katikati ya hayo mawili, magoti yangu yakinikumbusha umri. Mara tukasikia sauti za watu, si mbali.

"Mwongozaji, hii njia nzuri hivi, kwa nini asubuhi hamkutupandishia huku?" Alikuwa mwanamume, mchangamfu, mwenye sauti ya kukatika kwa baridi. "Mmetupitisha kwenye mawe kama mbuzi!"

"Subiri kwanza," binti akasema. "Sioni alama."

"Tangu juu si huoni alama?"

"Ndiyo maana nasema subiri, kaka."

Fundi akaongeza mwendo. Kopo likagonga jiwe. Ngaa! Na kutoka mbele, ng'ambo ya shimo, ukuta ukajibu: ngaa!

"Mmesikia? Kule mbele kuna watu!" Yule mgeni akacheka kwa furaha. Viatu vyake vikaanza kwenda.

Fundi hakuwa na la kuchagua tena. "Kaeni chini!" akapaza sauti. "Wote! Chini!"

"Chini," ukuta ukajibu.

"Baba? Uko wapi?"

"Nyuma yako!"

"Mbona nakusikia mbele?"

"Huo ni ukuta! Kaa, usipige hatua!"

"Mzee, sisi tunakuja huko huko," akasema mgeni. "Tukikaa hapa tutaganda."

"Baba, kwa nini?" Sauti ya binti ilitoka juu bado, hakuwa amekaa. "Niambie kwa nini."

Mtoto yule alilelewa kwa amri zisizo na maelezo, na saa hiyo ndiyo aliyoichagua kudai maelezo. Sikumlaumu. Sauti moja inamwita mbele, nyingine nyuma, na zote ni za baba yake.

Nikamsukuma Fundi bega.

"Kwa sababu sikupaka nyuma!" akalia. "Uliniambia, nikakucheka! Mbele yako ni shimo, mama. Hukupotea wewe, nimekupoteza mimi. Kaa chini!"

Ukuta ukayarudia maneno ya mwisho, kana kwamba unamzomea.

Kisha tukamsikia binti, na safari hii hakuwa akisema na sisi. "Kaa! Kaa, kaka, nitakuvuta!" Kitu kikachanika. Mtu akaanguka kwa makalio, akalalamika. Jiwe dogo likaviringika, likanyamaza. Tukasubiri. Tukazidi kusubiri. Lilipogonga chini, huko mbali, hapakuwa na aliyelalamika tena.

Sehemu iliyobaki tulikwenda kwa magoti. Tuliwakuta wamekaa kwenye tope. Binti alikuwa ameung'ang'ania mkoba wa yule mchangamfu kwa mikono miwili, mkanda mmoja umekatika, na miguu ya bwana yule ilikuwa imening'inia hewani. Alikuwa anaitazama kana kwamba si yake.

Fundi hakumkumbatia mwanawe. Alimshika kifundo cha mguu, maana ndicho kilichokuwa karibu, akakishika hivyo mpaka tulipomvuta yule mgeni na kurudi nyuma wote, mmoja mmoja, kwa makalio, kama watoto wanaojifunza ngazi.

Njia panda, Fundi alisimama. Akabandua kifuniko cha kopo kwa ncha ya fimbo, akapapasa mfuko wa koti. Brashi ilibaki sakafuni nyumbani. Akatumbukiza mkono.

"Jamani," akasema mgeni, meno yakigongana, "hatuwezi kufika nyumbani kwanza?"

"Utafika," akasema Fundi. "Ndiyo kazi ninayoifanya hapa."

Akaweka kiganja kwenye mgongo wa jiwe. Alama ikatoka imepinda.

"Kubwa zaidi, baba," binti akasema. Alikuwa amempokea kopo. "Watu wanashuka wamechoka."

Fundi akatumbukiza tena, akaongeza. Rangi ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kisha akatangulia mbele yetu kwenye ukungu, kwenye njia nyembamba, na kila jiwe alilipita kwanza, ndipo akageuka kuitafuta alama yake ya njano.