Kiu ya Jeti

Vumbi lilisimama. Lilisimama kando ya kisima kama nguzo nyekundu, bila upepo wa kulibeba, na lilipoketi, kilikuwapo kitu.

Kirefu kama ngamia aliyelala. Cha rangi ya fedha, kimechongoka huku na huku. Ndege ya jeti ilikuwa imeshapita, na ngurumo yake ikaja nyuma, kama ndama aliyeachwa na msafara.

Ulikuwa mwaka wa sitini na sita, mwaka wa tatu wa vita, nje ya Griftu. Ngamia walikuwa na siku kumi na mbili bila maji. Maji yalikuwa pale, hatua mia mbili tu, na hakuna aliyethubutu.

"Ni bomu," alisema mzee Ogle. "Limelala tu."

"Basi liimbie lisiamke, si una sauti wewe!" alimjibu Faduma, mama mkwe wa Sahara. Hakuna aliyecheka. Ndimi zilikuwa kavu.

Sahara aligeuza shingo, akatazama midomo ya bintiye Shamis aliyembeba mgongoni, iliyopasuka kama udongo wa bwawa. Likiwa bomu, aliwaza, nitakufa mmoja. Tukingoja, tutakufa sote. Akamfungua mtoto.

"Mpokee, mama," alimwambia Faduma.

"Rudi, abaayo! Rudi, dada yangu!" Ogle alipiga kelele.

Hakurudi. Alikiendea kama anavyomwendea ngamia asiyemjua: kwa ubavu, polepole, huku akimsoma. Chapa kwanza. Chapa ilikuwapo, herufi na namba, za ukoo asioujua. Kisha harufu. Akainama, akanusa.

Mafuta ya taa! Harufu ya nyumba ya mama yake jioni.

Kisha mgongo. Kulabu mbili, zimeachia. Katikati yake, mdomo mdogo wenye kifuniko.

Mikono yake ilijua kabla yake. Tangu utotoni mikono hii ilisuka haan, vyombo vya maji vya nyuzi, ikaviacha mdomo juu, ikavifunga ubavuni mwa ngamia wa mizigo.

"Subhanallah," alinong'ona. Kisha akapaza sauti: "Ni haan ya ile ndege! Ni chombo chake cha safari! Na haan hupakiwa mbili mbili, Ogle, nyingine itafute huko mbele!"

Akaweka kiganja juu ya bati la moto. Kumbe ndege nayo hubeba kinywaji chake mbavuni. Kumbe nayo, mtikisa mbingu, huona kiu. Kumbe nayo ikiharakishwa hutupa mzigo ikimbie, kama wao walivyotupa haan zao mwaka jana njiani kwenda Eldas, risasi zikiwafuata. Hakuipenda. Lakini aliijua sasa, na kuijua kulimtetemesha kuliko kuiogopa.

Akageuka, akainua mkono kuwaita.

Vumbi likasimama tena. Safari hii lilikuja kwa miguu, pana, lenye kengele za mbao na shingo ndefu, na mbele yake Faduma anakimbia, mtoto kifuani. Na lilipoketi, wote walikuwa wanakunywa.