Farasi Juu ya Vitenge

Siku Mwalimu Kobusingye alipomwambia achague, Chérie alikuwa amekaa karibu na dirisha kwa makusudi, ili upepo uchukue harufu ya zizi kabla haijawafikia wenzake. Upepo haukumsaidia. Asubuhi hiyo alikuwa amesafisha kwato, kisha akakimbia kutoka zizini hadi chuoni, na majani makavu yalikuwa bado yamenasa kwenye nywele zake.

"Chérie," mwalimu alisema, akiweka chini brashi ya nta. "Mimi nafundisha sanaa na ubunifu. Sifundishi samadi."

Darasa lilicheka. Naome, aliyekaa nyuma yake, hakucheka. Alinyoosha mkono akaanza kumtoa yale majani nywelini, moja moja, kama dada anayemchambua mdogo wake nywele.

"Nisamehe, mwalimu. Leo ilikuwa zamu yangu."

"Kila siku ni zamu yako. Na mwaka huu unamaliza. Wakati wa kuchagua umefika, farasi au rangi. Mshika mbili moja humponyoka."

"Mimi nina mikono miwili, mwalimu," Chérie alijibu.

Safari hii darasa halikucheka. Walitazama meza zao.

Chuo chao kilikuwa Kasese, na farasi walikaa nje ya mji, upande wa barabara ya Kikorongo, ambako jua halimwonei mtu haya. Walikuwa wanne. Kambi moja ya watalii ilipofungwa, mwenyewe hakutaka kuwauza kwa watu wasiojua kuwatunza, akawaachia chuo. Watu wengi walisema kupe watawamaliza kabla ya mvua. Hawakuwamaliza, kwa sababu ya Lokwang, polisi mstaafu kutoka Karamoja, aliyekuwa ametumikia miaka mingi juu ya farasi wa serikali. Wanafunzi walimwita Afande. Yeye aliwaita wote "wewe," na kila mmoja alijua ni yupi anayeitwa.

Farasi wanne, wapandaji wanne: Chérie, Naome, Bwambale, na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza. Akikosekana mmoja, hakuna timu. Farasi wa Chérie aliitwa Munyu, yaani chumvi kwa Kikonzo, maana weupe wake ulikuwa na kijivu ndani yake, kama chumvi ya ziwa la Katwe.

Sasa, ua wa idara ya sanaa ulikuwa mdogo, na kila mwanafunzi alikuwa na vitambaa vya kuanika. Chérie akaona asigombane na mtu. Akabeba ndoo zake za rangi hadi zizini, ambako kulikuwa na bomba la maji na majani ya kutosha. Siku ya kwanza Munyu alipoona kitambaa chekundu kimelala chini na upepo unakiinua kama kinapumua, alishtuka, akamrusha Chérie chini kama gunia la maharagwe.

Lokwang hakumkemea Munyu, wala hakumkemea Chérie. Alimpangusa vumbi mgongoni.

"Kitu farasi anaogopa, unampa kila siku," alisema. "Kidogo kidogo. Kama uji kwa mtoto."

Ikawa hivyo. Kwanza Munyu alipitishwa mbali na vitambaa, halafu karibu, halafu ukingoni. Mwishowe Chérie alikuwa akitandika kitambaa kikuukuu, anamwongoza apite juu yake, na ng'ambo ya pili Lokwang anamngoja na konzi ya pumba. Munyu akaelewa. Akilini mwake kitambaa kikiwa chini ni njia, na mwisho wa njia kuna pumba.

Hakuna aliyekumbuka kumfundisha kwamba kuna vitambaa vya kukanyaga na vitambaa vya mtihani.

Kazi ya mwisho ya Chérie ilikuwa batiki moja ndefu. Alikuwa amechora kwa nta milima ya Rwenzori, na chini yake wanawake wanaovuka mpaka na mizigo vichwani. Kilichobaki ni rangi moja tu, ile ya giza, ya mwisho. Siku hiyo alikitandaza kitambaa kivulini ili nta ikauke, akafunga lango la uwanja kwa kamba ya katani, akakimbilia darasani, maana alikuwa amechelewa tena. Alifunga kama anavyofunga mtu mwenye haraka.

Aliporudi, kamba ilikuwa chini. Munyu alikuwa amesimama mwisho wa kitambaa, ametulia, masikio mbele, anangoja pumba zake. Na kutoka mwanzo wa kitambaa hadi alipofika, kwato zake zilikuwa zimepanda milima yote na kuwapita wanawake wote.

Lokwang alikuja akavua kofia yake kama mtu aliyefika matangani.

"Mimi nilimfundisha," alisema. "Kosa yangu."

"Yetu, Afande," Chérie alisema, akapiga magoti.

Alitaka kulia, na machozi yalikuwa yamekwisha kufika. Lakini macho ya fundi ni macho ya fundi, hata yakiwa na maji. Aliona kwamba kila ukwato ulipokanyaga, nta ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba zinazokimbilia kila upande. Na katika batiki, nta ikipasuka, rangi huingia. Alifuta tope kwa upole, kwa kitambaa chenye maji. Kisha akainuka akaenda kuchukua ndoo ya rangi ya giza.

"Wewe, unafanya nini?"

"Naendelea."

Lokwang akaenda kuwasha moto, kwa kuwa nta hutolewa kwa maji ya moto, na maji mengi hayachemki yenyewe.

Nta ilipotoka, alama za kwato zilibaki, kila moja na mishipa yake, kama viganja vya wazee. Zilipanda mlima pamoja na wale wanawake, kana kwamba kuna mnyama aliyewasindikiza.

Kesho yake, chuoni, Mwalimu Kobusingye alikikagua kitambaa ncha hadi ncha. Hakuwa mwanamke mbaya. Mwaka wa kwanza, Chérie alipoungua mkono kwa nta, ni yeye aliyemfunga bandeji kila asubuhi mpaka akapona. Lakini alikuwa amewaona wanafunzi wengi wakiharibu kazi na kuipa jina zuri.

"Usiniletee ajali ukaiita sanaa," alisema. "Anza upya. Zizini usikanyage mpaka umalize. Na Jumamosi usimame ukumbini kwenye maonyesho, kando ya kazi yako, mtahini wa nje akipita."

"Jumamosi nipo Bwera, kule mpakani, mwalimu. Timu ya Kampala inakuja kushindana nasi."

"Basi chagua."

"Nilikwisha kukujibu."

"Mahali pako ukutani pakiwa patupu, nitaandika kwamba huna kazi."

Chérie alianza kukunja kitambaa chake, polepole, pembe kwa pembe. "Andika haipo ukumbini, mwalimu. Usiandike kwamba sina. Ninayo. Jumamosi itakuwa Bwera."

Ijumaa farasi walipakiwa kwenye lori. Walipofika Kikorongo, penye malori mengi na kelele nyingi, dereva mmoja wa lori la mizigo aliwaona wale wanyama wanavyohangaika, akatoa mkono dirishani akawaashiria wenzake wote waache honi. Wakaacha, mpaka farasi wakapita. Chérie hakumjua, na hakupata nafasi ya kumshukuru.

Bwera alilala kwa nyanya yake, Martine, muuza vitenge, aliyekuja kutoka Butembo, Kongo, zamani wakati wa vita na hakurudi. Walikula ugali wa muhogo na dagaa. Chérie hakumaliza.

"Unawaza nini, mutoto yangu?"

"Nikifeli, Nyanya? Mwalimu anasema nichague."

Nyanya Martine aliendelea kukusanya sahani. "Mimi nilitoka Butembo, mama yako iko ku mugongo, muzigo iko ku kichwa. Hakuna mutu aliniambia, Martine, chagua, utupe mutoto ao utupe muzigo. Kama angeniambia, ningemutukana. Kula."

Chérie akala.

Jumamosi uwanja ulijaa tangu asubuhi, ingawa mashindano yalikuwa ya alasiri. Walikuja wachuuzi wa soko la mpakani la Mpondwe, wake wa askari kutoka kambini, wanakwaya, na watu waliotaka tu kuona farasi akiruka ua. Kina mama wafanyabiashara, Nyanya Martine mbele yao, walikuwa wamepanga jambo lao. Wageni wa heshima kwao hawakanyagi vumbi. Askofu akija, bibi harusi akija, wanawake hufungua vitenge vyao vya juu na kuvitandika njiani, kimoja baada ya kingine. Na leo waliona wageni ni hawa farasi waliotoka mbali. Basi kutoka langoni hadi katikati ya uwanja ardhi ilikuwa nyekundu, njano, buluu, yenye maua na samaki na tausi.

Farasi wa kwanza wa Kampala aliziona zile rangi akasimama ghafla. Wa pili akarudi nyuma. Wa tatu alisimama kwa miguu miwili, na mpandaji wake akamkumbatia shingo kama ndugu aliyepotea. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Anaogopa tausi," mwanamke mmoja alisema.

"Mwacheni. Hata bwana yangu anaogopa soko."

Omara, kocha wa Kampala, alikuja kwa adabu, kofia mkononi. "Mama zangu, asanteni sana. Tunaomba muondoe nguo kidogo tu, farasi wapite."

"Hapana," Nyanya Martine alisema.

"Mama, hawawezi."

"Kitenge ikitandikwa chini, haiondoke mugeni hajapita. Ukiiondoa umemufukuza mugeni. Weye unataka tukufukuze?"

Omara alimgeukia Lokwang. Lokwang alitazama milima. Waamuzi wakaanza kunong'ona kwamba huenda mashindano yasifanyike. Kina mama walikuwa wamesimama na vitenge vyao vya ndani, mikono kiunoni, na hakuna hata mmoja aliyeinama.

Chérie alishuka mgongoni mwa Munyu. Alifungua mfuko uliokuwa umefungwa nyuma ya tandiko, akatoa batiki yake, akaitandika langoni, ikawa ya kwanza kabla ya vitenge vyote. Kisha akapanda tena.

"Nyosha mgongo," Lokwang alisema, taratibu.

Munyu aliinamisha kichwa, akanusa kitambaa alichokuwa amekwisha kukitembelea. Akakanyaga. Akapita mlimani, akapita kwa wanawake, akaingia kwenye tausi na samaki bila haraka, anaitafuta konzi ya pumba. Farasi humfuata farasi. Wa Bwambale akafuata, wa Naome akafuata, na wa nne, kisha mmoja mmoja wale wa Kampala, macho yamewatoka, wakikanyaga kama watu wanaovuka maji. Kina mama wakapiga vigelegele baada ya farasi wa mwisho kupita, si kabla, maana Nyanya Martine alikuwa amewakataza wasiwashtue.

Chérie alipogeuka, alimwona Mwalimu Kobusingye amesimama langoni, viatu vyake vyeusi vyote vumbi. Kando yake alikuwa mzee mfupi mwenye miwani, mtahini wa nje. Walikuwa wamemaliza ukumbini mapema, na mwalimu alikuwa ameomba gari la chuo.

"Sijabadilisha mawazo," mwalimu alisema, Chérie alipofika na Munyu. "Lakini mtahini aliona mahali patupu ukutani, akauliza. Sikuweza kumwambia huna. Simama hapo kando ya kazi yako."

Kazi ilikuwa bado chini, na alama mpya za vumbi juu ya zile za rangi. Mtahini aliizunguka, akachuchumaa, akagusa ukwato mmoja kwa kidole.

"Hizi alama," alianza, "uliziweka—"

"Wewe!" Lokwang aliita kutoka uwanjani. "Zamu yako!"

Mwalimu alimshika Chérie mkono. "Mtahini anakuuliza swali."

Chérie alimtazama mwalimu, akatazama ule mkono uliomfunga bandeji zamani. Akautoa kwa upole.

"Nitarudi, mwalimu. Bila mimi timu haina mtu wa nne. Kazi yangu haina miguu, itaningoja."

Akaondoka. Hakuruka vizuri kuliko wote. Kwenye ua wa mwisho Munyu aligonga ufito wa juu ukaanguka, na timu ya Kampala ikashinda. Lakini timu ya Kasese ilimaliza, wapandaji wanne, kama ilivyoanza.

Alirudi akiwa amelowa jasho, akijua kwamba atakuta kitambaa peke yake. Mtahini alikuwa bado yupo. Nyanya Martine alikuwa amempa kigoda chake cha biashara, na Mwalimu Kobusingye alikuwa amesimama upande wa jua, kivuli chake kikimkinga mzee kichwa.

"Nilikuwa nauliza," mtahini alisema, kana kwamba hakuna aliyemkatiza. "Hizi alama uliziweka wewe?"

Chérie angeweza kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi, na jibu lingependeza.

"Hapana. Zilikuja zenyewe. Mimi nilikataa kuzifuta."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaandika, akafunga kalamu yake. Baadaye, walipokuwa wakipakia farasi, mwalimu alimfuata kwenye lori.

"Amekupitisha. Si kwa alama za juu. Mimi ningekupa chini ya hapo."

"Najua, mwalimu."

"Jumatatu tunaondoa maonyesho. Saa mbili. Uje umeoga."

"Jumatatu ni zamu yangu zizini."

Mwalimu Kobusingye alimtazama, kisha akamtazama Munyu, aliyekuwa ananusa mfuko wake wa mkononi akitafuta pumba. Hakumsukuma.

"Basi uje na hayo majani yako kichwani," alisema. "Lakini uje."